Mahindi Yanayojilinda Ghalani

Kabla hujalala leo, ingia stoo uweke sikio lako juu ya gunia la mahindi. Kama wasikia mchakato mdogo usiokoma, ujue kuna anayekula kabla ya watoto wako.

Kazi yangu mojawapo hapa parokiani ni kupokea mahindi ya zaka. Huyapima, huyaandika daftarini, huyapanga stoo. Mwaka mmoja yaliletwa magunia mengi ya mbegu ya chotara, punje kubwa nyeupe za kupendeza. Bibi mmoja akaleta matatu ya mbegu ya kienyeji, punje ndogo ngumu kama gololi. Kusema kweli, nilimhurumia. Yote yalikuwa makavu, yote yakakaa chumba kimoja. Kufika Noeli yale ya kupendeza yalikuwa yakimwaga unga pasipo kwenda mashineni. Ya bibi tuliyala hata Pasaka.

Sababu ni hii. Fukusi jike hutoboa punje kwa mdomo wake mrefu, hutaga yai ndani ya tundu, kisha huliziba kwa ute hata jicho lisione kitu. Buu huanguliwa humo humo na kula kiini. Baada ya wiki tano hivi hutoka fukusi kamili, naye aanza kutafuta punje yake. Basi punje laini, ile yenye kibonyeo kichwani, hutobolewa upesi. Punje ngumu humchosha: hutaga machache, na mabuu huchelewa kukua au hufa. Tena fukusi huanzia shambani. Hindi lenye maganda marefu yaliyobana ncha humzuia mlangoni. Lenye ncha wazi limekwisha kumkaribisha.

Wazee wetu walichagua mbegu kwa kutazama mambo hayo mawili. Watengenezaji wa mbegu, kwa miaka mingi, walitazama zaidi idadi ya magunia kwa ekari. Siwalaumu sana, maana njaa ya mavuno madogo nayo ni njaa. Lakini gunia huhesabiwa siku ya kuvuna, na mama wa nyumba huhesabu mwezi wa Februari.

Majirani zetu wa Malawi walilifahamu jambo hili mapema. Wakulima wengi huko walikataa chotara za punje laini, ingawa zilizaa sana, wakashikilia mahindi ya mababu. Walisema hayo laini huliwa na wadudu ghalani, na yakitiwa kinuni huvunjika yakatoka pamoja na pumba. Wakubwa wengine waliwaona wakaidi. Ndipo watafiti wa Malawi wakakubali kujifunza kwa akina mama wenye michi. Walichanganya chotara na mahindi ya punje ngumu, na mwaka 1990 wakatoa mbegu mbili, MH17 na MH18, zenye mavuno mema na punje ngumu kiasi. Wakulima wakazipokea.

Kwetu adui mwingine alikwisha kuingia: dumuzi, ambaye wengine humwita Skania. Asili yake ni Mexico na nchi za jirani zake. Katika Afrika alitambuliwa kwanza mkoani Tabora, karibu na mwaka 1980, na katika nyumba nyingine alimaliza theluthi ya mahindi kwa miezi michache tu. Huyu hajali maganda. Hindi lisilopukuchuliwa ndilo alipendalo. Kwa hiyo shauri la wazee la kuyaning'iniza mahindi na maganda yake, lililofaa kwa fukusi, halifai kwa dumuzi.

Watafiti wa kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano kilichoko Mexico, CIMMYT, walipekua hazina yao ya mbegu za kale wakapata kinga katika mahindi ya visiwa vya Karibi. Wakishirikiana na wenzao wa Kenya waliyazalisha na kuyajaribu Kiboko, na mwaka 2007 wakatangaza kwamba dumuzi huyaharibu kidogo kuliko mahindi mengine. Siri moja imo katika ngozi ya punje: kuna asidi zinazofunga kuta zake pamoja, kama saruji katika matofali. Si sumu, wala haimdhuru mlaji. Lakini tusidanganyane: kinga hii humchelewesha mdudu, haimfukuzi. Kukausha vema na mifuko isiyopitisha hewa bado vyatakiwa.

Ukienda kununua mbegu, usiulize magunia tu. Muulize bwana shamba: punje ni ngumu au laini? Maganda hufunika ncha?

Nawe waweza kujaribu nyumbani. Mwaka 1974 mtaalamu Peter Dobie wa Uingereza alieleza kipimo kinachotumika hata sasa, na kwa namna nyepesi hakihitaji ila chupa. Tia mahindi safi ya mbegu mbili, uzito sawa, katika chupa mbili. Weka fukusi ishirini katika kila moja, ufunge kwa kitambaa ili wapate hewa. Siku ya kumi waondoe wote. Tangu wiki ya nne, hesabu kila siku wanaozaliwa, uwatoe.

Zangu ziko dirishani pa ofisi, moja ya chotara na moja ya bibi yule. Zina wiki ya tano sasa. Anayetaka kuhesabu pamoja nami aje Jumapili baada ya Misa ya kwanza.