TUNZA BREKI NA BERINGI ZA PIKIPIKI YAKO



Pikipiki hufanya kazi nyingi kijijini. Hupeleka mahindi mashineni. Hupeleka mama mjamzito zahanati usiku. Abiria anapopanda nyuma yako, ameweka maisha yake mikononi mwako. Mkiwa mteremkoni na breki ikakataa, hakuna nafasi ya kutafuta fundi.

Kazi tutakayoisoma hapa ni ya gurudumu la nyuma lenye breki ya ngoma. Breki za namna hii ni nyingi vijijini. Ukiwa na spana na subira, unaweza kuitengeneza nyumbani.

1. Dalili za ubovu

Ndani ya ngoma mna vipande viwili vyenye umbo la mwezi mchanga. Hivi ndivyo breki shuu. Ukikanyaga breki, breki shuu hutanuka na kubana ngoma. Kila zinapobana, hulika kidogo.

Pikipiki nyingi zina mshale mdogo kwenye mkono wa breki. Kanyaga breki, kisha tazama mshale. Ukifika kwenye alama ya mwisho, breki shuu zimekwisha. Usiendelee kukaza nati.

Beringi ni pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine. Katikati yake mna gololi. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, au likiunguruma unapolizungusha, beringi zimechakaa. Beringi ikivunjika njiani, gurudumu huyumba na hata kukwama.

2. Kufungua gurudumu

Tandika gunia safi chini. Weka kila kifaa kwa mpangilio wa kukifungua. Kisha fanya hivi:

(a) Fungua nati ya kurekebisha breki, uchomoe fimbo ya breki.
(b) Fungua bolti ya mkono unaoshikilia kifuniko cha breki.
(c) Fungua nati ya ekseli. Chomoa ekseli huku umeshika gurudumu.
(d) Sukuma gurudumu mbele, uvue cheni, ulitoe.

3. Kubadili breki shuu

Chomoa kifuniko cha breki. Utaona vumbi jeusi. Usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Baadhi ya breki shuu, hasa za zamani, zina asbesto, na vumbi lake hudhuru mapafu. Lifute kwa kitambaa kilicholowa maji, kisha ukitupe kitambaa hicho.

Pima unene wa utando wa breki shuu. Ukibaki milimita 2, yaani kama unene wa kijiti cha kiberiti, badili. Badili zote mbili kwa pamoja. Tazama na springi. Zikiwa zimelegea au zimeliwa na kutu, nunua mpya.

Kunja breki shuu mbili kama herufi V ili kuzitoa. Zile mpya zirudishe vivyo hivyo. Paka grisi kidogo sana kwenye kile chuma kinachozitanua. Grisi au oili isiguse utando wala ngoma. Breki yenye mafuta haishiki.

4. Kubadili beringi

Toa sili kwanza. Kati ya beringi mbili mna bomba fupi la chuma. Ingiza chuma kirefu tunduni, sogeza bomba kidogo pembeni, ugonge beringi ya upande wa pili. Gonga kidogo kidogo kwa kuzunguka, isiende upande. Ikiwa ngumu, mwagia maji ya moto eneo lile gurudumuni. Chuma kikipata joto hutanuka, na beringi huachia. Jihadhari usiungue.

Beringi iliyogongwa hivyo usiirudishe. Gololi zake zimekwisha kuumia.

Soma namba iliyoandikwa kwenye beringi, uende nayo dukani. Kwa mfano, beringi namba 6301 ina tundu la milimita 12, na upana wake kwa nje ni milimita 37. Usinunue kwa kukisia. Baadhi ya pikipiki zina beringi ya tatu upande wa sproketi. Ikague nayo.

Gonga beringi mpya kwenye pete ya nje tu. Tumia bomba lenye upana sawa na pete hiyo. Ukigonga pete ya ndani, utaiharibu kabla haijafanya kazi. Ingiza beringi ya kwanza mpaka ikae. Geuza gurudumu, rudisha bomba fupi, kisha ingiza ya pili. Ukisahau bomba hilo, beringi zitabanwa na kufa upesi. Mwisho rudisha sili.

5. Kurudisha na kujaribu

Rudisha vifaa kwa kuanzia kile ulichotoa mwisho. Alama za kukazia cheni ziwe sawa pande zote mbili. Kaza nati ya ekseli, na urudishe pini yake kama ipo.

Funga vizuri bolti ya mkono wa kifuniko cha breki. Bolti hii ni ndogo lakini usiidharau. Ikikosekana, ukikanyaga breki kifuniko huzunguka na gurudumu hukwama ghafla.

Rekebisha breki ili pedeli ishuke milimita 20 hadi 30 kabla ya kushika. Zungusha gurudumu, lizunguke bila kukwaruza. Kisha sukuma pikipiki kwa mkono na ukanyage breki. Ikishika, iendeshe polepole mahali tambarare, bila abiria. Breki mpya haishiki sawasawa siku za kwanza, mpaka izoeane na ngoma.

6. Kazi ya kumwachia fundi

Mpelekee fundi kama ngoma ina mifereji, kama beringi mpya inaingia kwa kulegea, au kama breki ni ya diski inayotumia mafuta. Kumwita fundi si aibu. Aibu ni kupakia mtu huku unajua breki haishiki.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MASWALI

1. Utajuaje kwamba breki shuu zimekwisha?
2. Kwa nini hatupulizi vumbi la breki?
3. Beringi mpya hugongwa kwenye pete ipi? Kwa nini?
4. Jadilini darasani: ni miteremko ipi ya kijiji chetu iliyo hatari kwa pikipiki? Tufanye nini?