Rais Huchaguliwa Darasani

Kila baada ya uchaguzi mkuu, Wakenya hukodolea macho ukumbi wa Bomas jijini Nairobi, wakisubiri mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, IEBC, amtangaze rais. Ni tamasha, na silibezi. Ila Bomas hakuhesabiwi kura. Pale fomu hukaguliwa na takwimu kujumlishwa. Kura zenyewe zilikwisha kuhesabiwa zamani, katika darasa la shule ya msingi, madawati yakiwa yamesukumwa ukutani.

Kituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, lakini aliyekwisha kupanga foleni hafukuzwi. Karani hukagua kitambulisho chako, kisha mashine ya KIEMS husoma alama ya kidole. Unapokea karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Kila moja ina sanduku lake, na la urais lina kifuniko cheupe. Unaingia kibandani peke yako, unatia alama kwa mgombea mmoja, unakunja, unatumbukiza, unapakwa wino kidoleni. Ukitia alama kwa wawili, umejipotezea safari: kura hiyo hukataliwa. Mwaka 2013 kura za urais zilizokataliwa zilizidi 100,000, na Mahakama ya Juu ikaamua kwamba haziingizwi katika kupiga hesabu ya asilimia.

Asilimia hiyo ndiyo roho ya jambo. Ibara ya 138 ya Katiba haitosheki na mgombea kuongoza tu. Lazima apate zaidi ya nusu ya kura, na angalau asilimia 25 katika kaunti 24 kati ya 47. Akikosekana wa kutimiza hayo, wawili walioongoza hurudi kwa wananchi katika duru ya pili ndani ya siku 30. Kwa hiyo kura ya Lamu au Turkana ina kazi hata pale ambapo mgombea hana ngome.

Milango ikifungwa, sanduku la urais hufunguliwa kwanza. Msimamizi wa kituo huinua karatasi moja moja, akasoma jina kwa sauti na kuwaonyesha mawakala wa wagombea. Wakala mwenye shaka hupinga papo hapo. Hesabu huandikwa kwenye Fomu 34A, mawakala hutia saini, na nakala hubandikwa mlangoni. Kwa maoni yangu, hakuna karatasi nzito kuliko hiyo katika siasa za Kenya. Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilipobatilisha uchaguzi wa rais, mvutano mkubwa ulikuwa juu ya fomu za matokeo na namna zilivyosafirishwa. Mwaka 2022 IEBC iliziweka Fomu 34A wazi kwenye tovuti, na yeyote mwenye simu akaweza kujumlisha mwenyewe.

Wako wanaosema kura moja haibadilishi kitu. Basi tupige hesabu. Mwaka 2022 William Ruto alipata kura 7,176,141 na Raila Odinga 6,942,930. Tofauti ni 233,211. Vituo vilikuwa 46,229, yaani kama kura tano kwa kila kituo. Na ile nusu ya kikatiba Ruto aliivuka kwa kura 70,000 hivi, ambazo hazifiki hata mbili kwa kila darasa. Watu wanne waliobaki nyumbani wakinywa chai katika kila kituo, kama wangempigia mpinzani wake, wangetosha kutupeleka duru ya pili.

Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Hakikisha jina lako limo kwenye sajili mapema, si wiki ya mwisho. Na ukishapiga kura, rudi baadaye mlangoni pa kituo chako, usome Fomu 34A iliyobandikwa na uipige picha, kisha uilinganishe na ile itakayotolewa na tume.