Ford Escape haitengenezwi tena: ununue iliyotumika?

Kwenye yadi za magari yaliyotumika hapa Marekani utakuta Ford Escape nyingi. Gari hili lilianza kuuzwa mwaka 2000, likiwa limebuniwa pamoja na kampuni ya Mazda. Mwaka 2004 likaja la haibridi, linalotumia petroli na umeme. Mwishoni mwa 2025 kiwanda cha Louisville, Kentucky, kiliacha kulitengeneza.

Kuacha kutengenezwa si ubovu. Escape zimejaa barabarani, kwa hiyo vipuri na mafundi wapo. Lakini muuzaji akikushawishi kwamba bei imeshuka, usikimbilie kusaini. Andika namba ya chasisi, yenye herufi na tarakimu 17, uitafute bure kwenye nhtsa.gov/recalls, tovuti ya serikali. Itakuonyesha kasoro zilizotangazwa na bado hazijarekebishwa. Kwa mfano, Escape za 2020 hadi 2023 zenye injini ya lita 1.5 ziliitwa kwa sababu nozeli ya petroli inaweza kupasuka na kuleta moto. Matengenezo ya namna hiyo hufanywa bure kwa wakala wa Ford.

Mwisho, karatasi ya dirishani ikisema "As Is", gari likiharibika baada ya kulipa, gharama ni yako. Lipeleke kwanza kwa fundi uliyemchagua mwenyewe.