Jina, Msimbo na Umbo la Neno: Usimamizi wa Orodha ya Bidhaa Inayokua katika Duka la Mtandaoni la Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala hii inafafanua tatizo linalolikabili duka la mtandaoni pindi orodha ya bidhaa zake inapopanuka: bidhaa ipo ghalani, imekwisha kulipiwa na kupigwa picha, lakini mnunuzi anayeitafuta haioni. Aghalabu lawama huelekezwa kwa wingi wa bidhaa au udhaifu wa programu. Kwa duka linalouza kwa Kiswahili, maoni hayo yanagusa sehemu ndogo tu ya ukweli. Chanzo kikubwa ni lugha, yaani namna bidhaa zinavyoitwa na zinavyotafutwa. Mfano unaotumika hapa ni duka la kanga na vyombo vya nyumbani. Muuzaji mwenye bidhaa 30 huzijua zote kwa kichwa. Zikifika 3,000, kumbukumbu yake haimsaidii tena, na kila jina lililoandikwa ovyo hugeuka hasara.

2.0 Kutenganisha jina na utambulisho

Kanga ina pindo, mji na jina, yaani maandishi yanayobeba ujumbe. Kwa kuwa mnunuzi huulizia kanga kwa jina lake, muuzaji anayeanza huona ni busara kulifanya jina hilo kuwa utambulisho wa bidhaa katika hifadhidata. Baadaye jina lilelile huchapishwa katika mchoro mwingine, au mchoro uleule huja na jina jipya, na rekodi mbili zikaanza kugombea nafasi moja. Kwa hiyo kila bidhaa inahitaji msimbo usiobeba maana yoyote. Msimbo unaodokeza rangi au msimu hupendeza siku ya kwanza, lakini rangi ikisahihishwa, msimbo unabaki ukisema uongo.

Suala la vibadala linahitaji uangalifu zaidi. Michoro 40 ikipatikana kila mmoja kwa rangi 4, duka lina vitu 160 vya kuhesabu, ingawa mnunuzi anaona michoro 40 tu. Akionyeshwa kurasa 160 atachoka. Na duka likihesabu rekodi 40 pekee, litauza rangi iliyokwisha. Njia inayofaa ni kuwa na rekodi mama ya mchoro, na chini yake rekodi ya kila rangi yenye msimbo, picha na hesabu yake. Kipimo cha kuuzia nacho kitajwe wazi. Kanga huuzwa kwa doti, ambayo ni vipande viwili; iwapo mtunza ghala mmoja anaandika doti na mwenzake anaandika vipande, namba 20 haina maana tena.

Vyombo vya viwandani huja na namba ya tarakimu 13 chini ya alama ya mistari, chini ya mfumo wa GS1. Inafaa kuihifadhi. Hata hivyo, kiambishi 620 huonyesha kuwa namba ilitolewa kupitia Tanzania, na 616 kupitia Kenya. Hakithibitishi mahali chombo kilipotengenezwa, na duka lisikitumie kujaza sehemu ya nchi ya asili.

3.0 Uainishaji

Kanga ya kisutu iwekwe wapi: penye kanga, penye mavazi ya harusi, au penye zawadi? Mpangilio wa mti wenye matawi hulazimisha jibu moja. Mkutubi wa India S. R. Ranganathan alilikabili tatizo la namna hii katika maktaba, na mfumo wake uliochapishwa mwaka 1933 ulikiainisha kitabu kwa kuunganisha vipengele kadhaa vya mada yake. Duka linaweza kufuata wazo hilohilo: makundi makuu yawe machache, na mengine yote, kama vile rangi, shughuli na malighafi, yawe sifa za kuchujia.

4.0 Utafutaji na mofolojia ya Kiswahili

Hapa ndipo programu nyingi zilizotungwa kwa lugha nyingine hukwama. Mbinu iliyozoeleka huondoa mwisho wa neno ili umoja na wingi vikutane. Katika nomino za Kiswahili, badiliko la idadi hutokea mwanzoni: kikombe na vikombe, mwiko na miiko, ufagio na fagio, wembe na nyembe, jiko na meko. Mtu anayeandika “nyembe” katika duka lililosajili “wembe” huambiwa kwamba hakuna kitu, naye huondoka akiamini hivyo.

Kukata viambishi awali kwa kanuni ya jumla si tiba. Kanuni inayoondoa “vi-” itakigeuza kinywaji cha Vimto kuwa mto wa kulalia. Kilicho salama zaidi ni kuandika umbo la umoja na la wingi katika rekodi ya kila aina ya bidhaa. Kazi hii hufanywa mara moja kwa kila nomino, si kwa kila bidhaa. Sufuria 200 zinahitaji ingizo moja tu.

Visawe vina ugumu wao. Ndala, malapa na kandambili vinaweza kuunganishwa bila wasiwasi, sawa na tahajia kanga na khanga. Neno leso halikubali hivyo: kwa mnunuzi wa Mombasa ni kanga, ilhali kwa wa Dar es Salaam ni kitambaa cha mkononi. Duka linalohudumia pande zote mbili lionyeshe makundi yote mawili na kumwachia mnunuzi achague. Maneno ya kuongezwa yasibuniwe mezani. Yapo tayari katika kumbukumbu za utafutaji uliorudi mtupu, ambazo mtu anayeijua lugha ya wateja anapaswa kuzisoma kila wiki.

5.0 Bidhaa zilizokwisha

Mchoro wa kanga ukiisha huenda usichapishwe tena. Kufuta rekodi yake huharibu risiti za zamani na viungo ambavyo wateja wametumiana. Rekodi ibaki, iondolewe katika matokeo ya kawaida ya utafutaji, na ukurasa wake uelekeze kwenye kanga zenye jina hilo zilizosalia. Msimbo wake usipewe bidhaa nyingine.