TV ya umma, lakini ni umma upi?
Hebu fikiria uko Habaswein, saa moja jioni. Nyanya ameketi mbele ya TV, taarifa ni ya ukame, na wewe ndiye mkalimani wake, maana anaelewa Kisomali tu. Ukitoka nje kupokea simu, habari imempita.

Sheria ya KBC ya 1988 inalitaka shirika hilo litangaze kwa Kiingereza, Kiswahili na lugha nyingine litakazoamua. Redio yake imejaribu, Kisomali husikika hewani. Lakini kwa TV, taarifa kuu ni zile lugha mbili tu.

Sasa cheki Uswidi. Tangu 2019, mwenye kipato hulipa asilimia 1 ya kipato hicho, hadi kiwango fulani, kugharamia redio na TV za umma. Na Sveriges Radio imewahi kuwatangazia Wasomali wa huko kwa lugha yao. Huko kwenye theluji!

Usiseme nyanya halipi. Kila akinunua kredo, kodi imekatwa, na KBC hupata mgao wa serikali. Dakika kumi za Kisomali kila jioni si kuomba makubwa. Mbunge wako akija, muulize hilo kabla ya selfi.