Kolwezi: jeni ya korodani inayoamka ndani ya kansa

Katika mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, watu walianza mwaka 2014 kuchimba kobalti hadi chini ya nyumba zao. Mwaka 2018, timu ya profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, ilitangaza vipimo: kobalti ilikuwa nyingi katika mkojo na damu ya wakaaji, hasa watoto, ambao DNA yao ilionyesha dalili za kuharibika.

Hiyo si kusema watoto hao wana kansa. Lakini kansa huanzia kwenye DNA, na mwaka 2022 wataalamu wa kimataifa waliweka kobalti kati ya vitu ambavyo yaelekea vinaileta.

Mjini Brussels, mwaka 1991, timu ya Thierry Boon ilitangaza jeni ya kwanza ya ukoo wa MAGE. Kwa mtu mzima mwenye afya, jeni hizo hufanya kazi hasa kwenye korodani, kwingine zimefungwa. Seli ikigeuka kansa, kifungo hicho mara nyingi hulegea na jeni huamka, hata kwa mwanamke. Hapo kinga ya mwili inaweza kuiona seli hiyo kama mgeni.

Safari imekuwa ndefu. Chanjo dhidi ya MAGE-A3 ilishindwa mwaka 2014. Agosti 2024, Marekani iliruhusu Tecelra: chembe za damu za mgonjwa hubadilishwa maabarani ili ziwinde MAGE-A4 katika sarkoma moja adimu. Maabara ya namna hiyo haiko Kolwezi.