Mchezo wa Mtoto, Kazi ya Mtu Mzima: Kweli au Si Kweli?

Malindi hii si ile ya pwani ya Kenya. Ni Malindi ya Lushoto, juu katika Usambara Magharibi, kwenye baridi na mashamba ya viazi, kabichi na karoti. Mtoto wa huku hasubiri kununuliwa kitu cha kuchezea. Husokota kamba kwa magome makavu ya mgomba, hufunga matambara yakawa mpira, hukunja waya ukawa gari na kulivisha magurudumu ya ndala kuukuu. Akikua akapata kazi, wakubwa humwambia ayaache hayo ya kitoto. Madai yao mengi hayasimami ukiyapima.

“Ni mchezo tu, kazini haufai kitu.” Si kweli.

Chukua kamba. Mtoto hujifunza kulilowesha gome kidogo, maana likikauka mno hukatika mkononi. Kila uzi huusokota upande mmoja, kisha huzizungusha nyuzi mbili pamoja kwa upande wa pili, zikashikana zenyewe bila fundo. Hakufundishwa hesabu za mvutano, lakini vidole vyake vinaujua. Miaka inapita, kijana yuleyule anafunga magunia kwenye lori alfajiri ya ukungu. Anajua kamba ya mkonge ikilowa hufupika na kukaza, ikikauka hulegea. Kwa hiyo kabla lori halijaingia kwenye kona za kuteremkia Mombo, anashuka, anaijaribu kila kamba kwa mkono na kuikaza upya. Asiyewahi kusokota kamba aliiona imekaza asubuhi, akaridhika.

Gari la waya nalo lina somo lake. Waya ukikunjwa na kukunjuliwa palepale mara nyingi hukatika. Mtoto aliyepoteza usukani wa gari lake kwa njia hiyo, akija kuwa fundi pikipiki, huelewa upesi kwa nini kebo ya klachi hukatikia pale inapojikunja kila siku. Haibadilishi tu. Huipitisha njia yenye mkunjo mpana zaidi, ili mteja asirudi wiki ijayo na shida ileile.

“Hiyo ni kazi ya wasiosoma.” Si kweli hata kidogo.

Mwaka 2018 Roger Kneebone, profesa wa elimu ya upasuaji katika Imperial College London, alieleza hadharani wasiwasi wake: wanafunzi wa udaktari wanakuja na alama za juu, lakini mikono yao haijazoea kukata na kushona, kwa sababu muda mwingi umekwenda kwenye skrini. Binti wa Malindi aliyesuka vikapu pembeni mwa bibi yake, akifika Muhimbili kusomea udaktari, anaingia na mtaji ambao profesa huyo anautafuta kwa wanafunzi wake. Inaniuma kuona watoto kama yeye wakifundishwa kuuonea haya.

“Ufundi wa jadi hauwezi vifaa vya kisasa.” Si kweli.

Huko Lamu, fundi wa majahazi Ali Skanda na wenzake waliunda Flipflopi, jahazi la mita 9 lililotengenezwa kwa takataka za plastiki na kupambwa kwa ndala zilizookotwa fukweni. Mwanzoni mwa mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, kiasi cha kilomita 500. Plastiki ilipigwa msumeno, ikarandwa na kuunganishwa kwa mikono iliyozoea mbao.

“Kilichosukwa kwa mkono ndicho bora siku zote.” Si kweli pia.

Hapa sisi tunaoupenda ufundi lazima tuwe wakweli. Tenga ni kazi nzuri ya mikono, lakini nyanya zikijazwa hadi juu, za chini hubondeka na kingo ngumu za mianzi huzichubua. Kreti ya plastiki yenye kina kifupi huzihifadhi vizuri zaidi. Msukaji mwenye akili huliona hilo kabla ya wengine, kwa kuwa anajua uzito unapoelemea. Kama hana kreti, atasuka tenga fupi na kulitandika majani.

“Bila cheti, ujuzi wako hauhesabiki.” Nusu kweli.

Kazi nyingi zinadai karatasi, hilo halikwepeki. Lakini VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kuurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: fundi hupimwa, hufundishwa anayoyakosa, kisha hupewa cheti. Mafundi seremala na waashi wengi wamepita njia hiyo.

Na mwenye gereji anayetafuta msaidizi asiishie kwenye karatasi. Ampe kijana koleo na kipande cha waya, amwambie atengeneze kishikio cha kebo. Robo saa inatosha kuona kama anaupima waya kwanza au anaanza tu kuukunja.